Kaakaa, Kimeo na Chura wa Rungwe

Katika Nyanda za Juu za Kusini, kuanzia nchi ya Wahehe inayopitiwa na mto Ruaha Mdogo hata migombani kwa Wanyakyusa chini ya mlima Rungwe, jambo la mtoto kuzaliwa na ufa katika kaakaa lina tarikhi yake, na vipande vya tarikhi hiyo vimetawanyika mbalimbali: kimoja kimo katika ada za wazee juu ya vizazi visivyo vya kawaida, kimoja katika visu vya wakata vimeo, kimoja katika hospitali za misheni, kimoja katika chupa za jumba la makumbusho mjini Berlin, na cha mwisho, kilichochelewa kuliko vyote, kimo katika elimu ya vimeng'enya, yaani vile vitenda kazi vidogo vya mwili ambavyo hukata na kuyeyusha nyama ili nyama nyingine ipate pa kushikana. Nakusudia kuviweka vipande hivyo pamoja, maana naamini kwamba mama aliyezaa mtoto wa namna hiyo ametwishwa lawama kwa muda mrefu mno kwa kazi ambayo hakuifanya wala hakuweza kuizuia.

Mpasuko wa mdomo, ambao watu wengi huuita mdomo wa sungura, hauna siri; aliye mlangoni huuona, na habari huenea kijiji kizima kabla ya jua kuchwa. Mpasuko wa kaakaa, ikiwa mdomo wenyewe ni mzima, hukaa gizani. Mtoto huzaliwa, hulia sawasawa, hufungwa kanga na kuwekwa kifuani mwa mamaye, kisha hunyonya kidogo na kuchoka upesi, kwa kuwa hawezi kuvuta maziwa hali hewa yaingia kwa juu, na yale machache yaliyomfikia kinywani hurudi kwa njia ya pua, meupe, pamoja na chafya na kupaliwa. Siku zikipita mashavu yake huingia ndani, na mama, ambaye matiti yake yamejaa hata yauma, haelewi kwa nini mwanawe anakonda. Wakunga wa zamani waliokuwa na maarifa walikamua maziwa katika kikombe, wakamkalisha mtoto wima, wakamnywesha kijiko kwa kijiko. Hata leo wauguzi hufundisha jambo hilohilo, na watoto wengi wamevuka miezi ya kwanza kwa kikombe hicho tu.

Duniani kwa wastani mtoto mmoja katika kila watoto 700 hivi huzaliwa na mpasuko wa mdomo, au wa kaakaa, au wa vyote viwili, na katika watu wa asili ya Afrika hesabu huwa chini kidogo. Kwa hiyo hapakuwa na bonde lililokosa mtoto wa namna hii, ingawa si kila bonde lililokumbuka kuwa naye, kwa sababu mtoto aliyekufa kwa njaa katika mwezi wake wa kwanza, pasipo mtu kumfunua kinywa na kutazama juu, alihesabiwa miongoni mwa waliokufa kwa homa au kwa kijicho cha watu.

Juu ya vizazi visivyo vya kawaida, jamii zetu za Afrika Mashariki zilikuwa na hofu kubwa. Pwani walikuwako vigego, watoto waliotangulia kuota meno ya juu, ambao kwa itikadi ya wakati ule walidhaniwa kuleta mkosi juu ya ukoo, na baadhi yao hawakuachwa waishi. Kwa upande wa Rungwe, Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na ambaye kitabu chake juu ya ibada za ujamaa kilitoka mwaka 1957, ameeleza jinsi kuzaliwa kwa pacha kulivyokuwa jambo la hatari, wazazi wakitengwa na jamaa zao wakifanyiwa dawa, hata madhara yaliyodhaniwa kuambatana na uzazi ule yaondoke. Desturi hizo zilikuwa na mantiki yake: watu walitambua kwamba katika tumbo la uzazi hutendeka mambo makubwa yaliyo nje ya uwezo wao, wakajaribu kuyawekea mpaka. Bali pale ambapo mpaka uligeuka kuwa hukumu, aliyehukumiwa alikuwa mwanamke. Ikasemwa kwamba alimcheka kilema, au alikula nyama ya mwiko, au alivunja ahadi ya ndoa, na yeye mwenyewe, akiwa amelala karibu na mwanawe anayepaliwa, alipitisha usiku kucha akiitafuta dhambi yake katika miezi tisa iliyopita.

Hapana budi kuwataja hapa wakata vimeo, kwa maana kazi yao iligusa kaakaa lenyewe. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ni ncha ya kaakaa laini, na ukataji wake ulienea katika sehemu nyingi za Tanzania, hata J. J. Manni alipouandikia mwaka 1984 katika jarida la utabibu wa watoto aliuhesabu kuwa upasuaji wa jadi uliozoeleka. Mtoto mwenye kikohozi kisichokoma, anayetapika, anayekataa ziwa au asiyenenepa, alipelekwa kwa fundi. Ulimi ukashikiliwa chini, kisu kikapita, na kinyama kikaonyeshwa kwa wazazi kuwa ndicho kilichokuwa kikimsumbua. Wapo waliotokwa na damu isiyozuilika, wapo waliopata pepopunda. Lakini lililo zito kwangu ni hili, kwamba kaakaa likifungwa tumboni hufungwa kutoka mbele kwenda nyuma, na kimeo ndicho humalizika mwisho. Kimeo kilichogawanyika sehemu mbili huenda kikawa alama pekee inayoonekana ya ufa uliojificha chini ya ngozi nzima ya kaakaa. Mtoto mwenye ufa huo ndiye hasa anayepaliwa, asiyenenepa, na ambaye wazazi wake wana kila sababu ya kumpeleka kwa mkata vimeo. Kisu kilimwondolea ushahidi, ugonjwa ukabaki.

Kisu cha namna nyingine kilikuja na wageni. Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na katika mwaka uleule Wamisionari wa Berlin walianza kazi yao kaskazini mwa ziwa Nyasa, kisha wakapanda kwenda kwa Wakinga na Wabena. Wabenedikto walijenga Tosamaganga karibu na Iringa mwishoni mwa karne ile, na tangu mwaka 1919 kazi yao ikashikwa na Wakonsolata. Katika vituo hivyo na vilivyowafuata yalitokea majina ambayo mgonjwa wa Nyanda za Juu anayajua kama anavyojua majina ya masoko: Tosamaganga, Ilembula, Ikonda, Bulongwa, Isoko, Itete. Ni ajabu kwamba mji ule wa Berlin ulikuwa umekwisha kutoa ufumbuzi wa kaakaa kabla hata mmisionari wake mmoja hajauona mlima Rungwe. Mpasuaji Bernhard von Langenbeck alichapisha mwaka 1861 njia ya kuuinua utando wa kaakaa pamoja na ngozi inayofunika mfupa, kutoka pande zote mbili, na kuushona katikati. Njia hiyo, pamoja na nyingine zilizozaliwa baadaye, ingali inatumika. Lakini hospitali ya mlimani haikuweza kuitumia kwa urahisi kama ilivyoweza kushona mdomo, kwa kuwa mdomo wa mtu mzima hushonwa kwa ganzi ya mahali pale tu, na kaakaa la mtoto mchanga lataka usingizi wa dawa, mrija katika koo, na mtu anayejua kumlinda mtoto asimeze damu yake.

Ndiyo maana nalihesabu kuwa tukio kubwa lile lililotukia mwaka 1957, pale wapasuaji watatu, Michael Wood aliyekaa Afrika Mashariki, Archibald McIndoe aliyejulikana Uingereza kwa kutengeneza nyuso za marubani walioungua vitani, na Tom Rees wa Marekani, walipoasisi huduma ya matabibu wa ndege ambayo leo ni AMREF. Wote watatu walikuwa mafundi wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, si wa matumbo wala mifupa, na fikira yao kwamba fundi wa namna hiyo aruke kwa ndege mpaka uwanja wa nyasi wa hospitali ya mbali ilifuatwa baadaye na wengi. Baada ya hayo ilikuja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara kuu ya Zambia, hata safari ya kutoka Mbeya kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikawa jambo ambalo mkulima anaweza kulipanga baada ya kuuza mahindi yake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kipande cha Berlin hakijaisha. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alikuwako katika nchi ya ziwa Nyasa na milima ya Wakinga tabibu wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, ambaye pamoja na kutibu askari alikusanya wanyama wengi na kuwapeleka Berlin, na huko mtaalamu Gustav Tornier akawa anawaeleza na kuwapa majina. Kinyonga mwenye pembe tatu wa milima ya Poroto ana jina la tabibu huyo tangu mwaka 1900. Mwaka 1905 Tornier huyohuyo alieleza chura wa misitu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, chura anayeishi Rungwe, ambaye tumboni mwake hamkuwa na mayai ya kutaga. Mlikuwa na watoto. Wataalamu wa wakati ule walijua kwamba vyura hutaga majini, kwamba yai huwa kiluwiluwi, na kwamba kiluwiluwi huogelea hata mkia wake umalizike na miguu iote. Huyu wa Rungwe aliyapitisha hayo yote ndani ya mwili wake, akazaa vijana waliokamilika juu ya majani makavu ya msituni, akawa chura wa kwanza kujulikana katika elimu kuwa anazaa. Leo huitwa Nectophrynoides viviparus.

Ana ndugu yake mdogo ambaye Watanzania wengi wamemsikia kwa huzuni, yaani chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika manyunyu ya maporomoko kwenye ukingo wa Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, naye vilevile huzaa. Maji ya mto yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakapungua; kisha ugonjwa wa kuvu ukaja, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wale karibu 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 ndio waliookoa kizazi, na tangu mwaka 2012 wazao wao wamekuwa wakirudishwa bondeni. Kiumbe ambaye urefu wake hauzidi kifundo cha kidole cha gumba amegharimiwa safari za kuvuka bahari, na mimi nasema alistahili.

Msomaji atauliza chura ana uhusiano gani na kaakaa la mtoto. Uhusiano uko katika mkia. Mkia wa kiluwiluwi haudondoki kama wa mjusi, bali huliwa na mwili wenyewe kutoka ndani, na nyama iliyokuwa mkia hurudi kuwa chakula cha miguu. Na maadamu mkia, kama ngozi na mishipa yetu, umeshikwa na nyuzi ngumu za kolajeni ambazo hazikatwi kwa urahisi, ilibidi kiwepo kitu cha kuzikata. Mwaka 1962, mjini Boston, Jerome Gross na Charles Lapière walichukua vipande vya ngozi ya mkia wa viluwiluwi vya Kimarekani, wakaviweka juu ya kolajeni iliyogandishwa katika visahani, wakaviacha katika joto la digrii 37. Kolajeni ile, iliyokuwa na ukungu mweupe, ikayeyuka kuzunguka kila kipande, ukabaki duara safi. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza cha jamii yake kupatikana katika mnyama mwenye uti wa mgongo, na leo zaidi ya ishirini vyajulikana katika mwili wa binadamu, kila kimoja kikibeba katikati yake chembe ya zinki ambayo pasipo hiyo hakikati kitu. Chura wa Rungwe hakutumiwa katika jaribio lile; ila kazi iliyoonekana Boston katika kisahani ilikuwa ikitendeka miaka yote katika matumbo ya vyura wetu, chini ya ukungu wa Poroto.

Kazi hiyohiyo humpitia kila mtoto wa binadamu. Katika juma la sita na la saba tangu kutungwa mimba, kaakaa halijawa dari. Ni vibamba viwili vinavyoning'inia wima, kimoja kila upande wa ulimi. Katika juma la nane ulimi hushuka, taya hukua, na vibamba huinuka vikalala usawa juu ya ulimi, vikielekeana. Kwa watoto wa kike jambo hili huchelewa kwa takriban juma moja kuliko kwa wa kiume, na wengi huona kuwa ndiyo sababu mpasuko wa kaakaa peke yake huwapata wasichana zaidi. Vibamba vikikutana, kazi haijaisha bado, kwa kuwa kila kimoja kimevikwa ngozi yake laini, na ngozi mbili zilizogusana hazijawa nyama moja, kama vile seremala asivyoweza kugandisha mbao mbili kabla hajakwangua rangi kwenye kingo zake. Ule mshono wa ngozi ulio katikati hauna budi kuondolewa, seli zake nyingine zife na nyingine zihame, na msingi wa kolajeni ulio chini yake ukatwe, ili nyama ya kulia iingie katika nyama ya kushoto. Vimeng'enya vya ukoo wa mkia wa chura hufika hapo, vikifuatana na vizuizi vyake, protini nyingine ambazo kazi yake ni kuvishika mkono visije vikakata zaidi ya kiasi. Kufikia juma la kumi na mbili dari limekamilika hata kwenye kimeo.

Yeyote anayetaka kuona kaakaa lisilofungwa na lisilo ugonjwa, na amfungue kuku mdomo kabla ya kumtia sufuriani, atazame juu: ataona ufa mrefu katikati, kwani vibamba vya ndege hukutana wala haviungani. Elimu ilinufaika sana na ufa huo. Mwaka 1995 makundi mawili ya wataalamu nchini Marekani yalionyesha, kila moja kwa upande wake, kwamba panya aliyenyimwa protini moja ya ishara, iitwayo TGF-beta 3, huzaliwa na kaakaa wazi. Na mwaka 1998 Elizabeth Hay na wenzake wakaitia protini hiyo katika kaakaa la kifaranga ambacho hakijaanguliwa, lililotolewa nje ya mwili, na vibamba vya ndege vikaungana. Ikabaki kujua ishara ile humwamuru nani. Mwaka 2001 Vesa Kaartinen na wenzake wa Los Angeles walionyesha kwamba huviamsha vimeng'enya vya kukata pamoja na kizuizi chao, na kwamba vibamba vya panya mzima, vikifungiwa vimeng'enya hivyo kwa dawa, hugusana vikakaa hivyohivyo, kila kimoja na ngozi yake.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mambo yote haya hutendeka wakati mama amekosa damu yake mara mbili tu, pengine hajamwambia mumewe, pengine yeye mwenyewe anadhani ni uchovu wa palizi. Ishara ichelewe, kibamba kiwe kifupi, ulimi ukatae kushuka, kazi ya siku chache itapita wakati wake, wala hairudiwi. Sababu hutoka katika urithi na katika mazingira kwa kuchanganyika, na zinazojulikana ni pamoja na uvutaji wa tumbaku na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini, ambazo mwanamke asiziache ghafla kwa hofu bali azungumze na tabibu kabla ya kushika mimba. Kumcheka kilema hakumo.

Juu ya chakula wataalamu bado wanachunguza. Serikali iliagiza mwaka 2011 kwamba unga wa viwandani utiwe asidi ya foliki, chuma, zinki na vitamini, na faida ya foliki katika kukinga uti wa mgongo wa mtoto imethibitika kuliko faida yake kwa kaakaa. Lakini mahindi mengi ya Iringa na Mbeya husagwa katika mashine za kijiji, yasipitie kiwanda chochote. Mkoa wa Iringa, ambao huilisha nchi, ulionekana katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 kuwa na udumavu kwa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto asiyeweza kunyonya huzaliwa katika hali hiyo.

Kwa upande wa utafiti, Mange Manyama na wenzake walichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa wa mipasuko waliotibiwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na mwaka 2016 walitokea miongoni mwa waandishi wa uchunguzi mkubwa wa urithi wa sura za watoto wa Mwanza wapatao 3,500. Nyanda za Juu zinastahili kazi ya namna hiyo, maana Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya hupokea watu kutoka mikoa saba, na madaftari ya hospitali za misheni yana umri wa vizazi kadhaa.

Mdomo hushonwa mtoto akifikisha kama wiki kumi na uzito wa kilo nne na nusu. Kaakaa hungoja hata apate kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu, asije akajifunza kusema na dari wazi. Mtoto ambaye hakushonwa, akitaka kumwita baba yake, hufunga midomo sawasawa, lakini pumzi humtoroka puani, na neno linalosikika ni "mama". Wapo akina baba waliokuwa wakidhani wamekataliwa. Baada ya mshono vimeng'enya vilevile hurudi kazini, vikikata kolajeni ya kovu na kuipanga upya kwa miezi mingi, na wakati huo mtoto ahitaji mtu wa kumfundisha kusema, nao mafundi wa kazi hiyo ni wachache mno nchini, hata kazi yenyewe humwangukia mama nyumbani. Humbana mtoto pua kwa vidole viwili, akamwambia aseme "baba", kisha huachia pua na kumwambia aseme tena, kila jioni, kwa miezi mingi, mpaka maneno mawili yale yawe sawa.